Sura ya Saba: Nani Amfumie Mfumaji?

Mganga hajigangi, walisema wahenga, na mwenye kutaka ushahidi aitazame miguu ya wafumaji wa Likasi. Mama aliyefuma kofia ya kila kichanga cha ukoo, sweta ya kila mtoto wa shule na soksi za mume anayetoka alfajiri kwenda zamu, yeye mwenyewe huuvuka mwezi wa sita na wa saba kwa ndara na kipande cha kitenge mabegani. Hakuna aliyemnyima. Nyumba nzima mwenye kujua sindano ni mmoja, na kazi yake ina pa kwenda siku zote: mtoto kazaliwa, shule imefunguliwa, bibi kijijini analalamika magoti.

Sura hii ni ya soksi, lakini zile za kuuza na zile za kichanga nimeziacha kwa sura nyingine. Hapa nazungumzia soksi ambazo mfumaji humfumia mfumaji mwenzake, huku yeye akifumiwa na mwingine, kisha zote zikabadilishwa siku moja, mahali pamoja. Kwa maoni yangu hakuna kazi ya sindano yenye haki ndani yake kuliko hiyo. Sababu zangu zinaanzia mbali kidogo, kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi.

Ila kwanza baridi, maana msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam anaweza kushangaa soksi za sufu zinatafuta nini Kongo. Likasi iko juu ya uwanda wa Katanga, karibu mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi. Mvua hukatika mwezi wa nne. Kuanzia wa tano hadi wa nane anga huwa tupu, halina wingu la kuufunika usiku, na joto lote la mchana hupanda juu likapotea. Usiku wa mwezi wa saba huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Nyumba nyingi za mitaa ya Panda, Shituru na Kikula zina sakafu ya saruji, na saruji ikishaloa baridi ya usiku haiiachi mpaka jua limepanda sana. Anayewahi kuamka kuwasha makaa anaijua sakafu hiyo kuliko mtu yeyote mwingine nyumbani, naye mara nyingi ndiye huyo huyo mfumaji.

Mji wenyewe ulizaliwa na shaba. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na Likasi, ambayo Wabelgiji waliipa jina la Jadotville kumtukuza mhandisi Jean Jadot, ikawa mji wa viwanda vyake: Panda, kisha Shituru. Mwanzoni kampuni ilitaka wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi, wachimbe na kurudi walikotoka. Mpango huo uliua watu wengi kwa magonjwa, na ulikula fedha nyingi, maana kila mara ilibidi kuandikisha wengine. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikageuza sera. Mikataba ikawa ya miaka 3, mfanyakazi akaruhusiwa, kisha akahimizwa, kuja na mke, na watoto wakaanza kuzaliwa kambini. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa miongoni mwa wasimamizi wakuu wa sera hiyo, aliieleza kwa kirefu katika kitabu alichokichapisha mwaka 1946.

Mke alipoletwa kambini alipangiwa mafunzo. Palikuwa na vituo vya kupima watoto wachanga, na palikuwa na vyumba vya kazi za mikono ambako masista na wanawake wa Kibelgiji waliwafundisha akina mama kushona, kupiga pasi, kupika kwa namna ya Kizungu, na kufuma. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mafunzo ya aina hiyo yakaenea katika miji ya koloni na ya Ruanda-Urundi kwa jina la foyer social. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt ameandika juu ya ile ya Usumbura, Bujumbura ya leo, kati ya 1946 na 1960. Anayesoma kazi yake akiwa Likasi ataona kama anasimuliwa habari za bibi yake: somo la kufuma, somo la kunyoosha nguo, somo la kumwogesha mtoto, na mwalimu akikagua usafi wa nyumba.

Wamisionari nao walifundisha. Wamethodisti walikuwa na kituo kikubwa huko Mulungwishi, mwendo mfupi kutoka Likasi kwa barabara ya Kolwezi, na mpaka leo chama cha wanawake cha kanisa hilo, Kipendano, ni moja ya sehemu ambako mama wa Katanga anaweza kumkuta mwenzake ameshika kazi ya mikono.

Sitaki kuidharau shule hiyo. Iliacha ujuzi ambao bado unalisha watu, na mama aliyejifunza kuhesabu vitanzi alijifunza hesabu, hata kama hakuna aliyemwambia hivyo. Lakini tuseme wazi ilitaka nini. Ilitaka nyumba safi, mtoto mwenye afya na mume atakayerudi kazini kesho akiwa ameshiba na kuvaa vizuri. Mume alikuwa na mshahara. Mke alikuwa na posho iliyopita kwa mume. Sindano alipewa kwa ajili ya watu wengine. Sijakuta ratiba ya foyer social iliyotenga somo la mama kujifumia, au la akina mama kufumiana.

Historia iliyofuata ilikaza fundo hilo hilo kwa njia nyingine. Serikali ilitaifisha Union Minière mwanzoni mwa 1967, na kampuni iliyotokana nayo, Gécamines, iliendelea kwa miaka mingi kuwa baba wa mji: hospitali, shule, unga wa kila mwezi. Kisha ikaanguka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uzalishaji wa shaba ukadidimia, mishahara ikacheleweshwa mwezi baada ya mwezi. Mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wakiwa na malipo ya mkupuo ambayo kwa wengi hayakukaa. Mama ndiye aliyebeba nyumba. Wengine waliuza mkaa, wengine mikate, wengine unga kwa kopo. Mwenye sindano alifuma sweta za shule na nguo za vichanga, akazipeleka Kikula sokoni au kwenye milango ya hospitali za uzazi. Kufuma, kulikokuwa sehemu ya adabu ya mke wa mfanyakazi, kukageuka chakula, na kazi ikazidi kutoka nje ya nyumba kuliko zamani. Miguu ya mfumaji ikabaki vile vile.

Na hili si la Katanga tu. Ukipita dunia nzima ya sindano utakuta mkono unaofuma unatoa kila mara. Huko Estonia na Latvia msichana alijaza sanduku kwa miaka akifuma glavu na soksi, na siku ya harusi akazigawa zote: kwa mama mkwe, kwa mawifi, kwa wageni. Vita vya 1914 vilipoanza Ulaya, wanawake kwa mamilioni walifuma soksi za askari waliokuwa wakioza miguu ndani ya mahandaki yenye maji. Kazi hizo zote zilikuwa njema. Ila nimetafuta katika simulizi hizo mahali ambapo wafumaji wenyewe wanafumiwa, nami huona pachache mno.

Basi turudi kwenye kubadilishana.

Sisi watu wa Kongo hatuna haja ya kufundishwa duara la kupeana. Likelemba tunaijua: kila mmoja anatoa kiasi kile kile, na zamu kwa zamu kila mmoja anapokea fungu zima. Tanzania wanaiita upatu. Pwani wanawake wana desturi nyingine ninayoipenda: doti moja ya kanga, vipande viwili vya rangi na maandishi yale yale, marafiki wawili hugawana kimoja kimoja, na wakivaa siku moja kila mtu anajua ni nani kwa nani. Mfaransa Marcel Mauss, katika andiko lake maarufu juu ya zawadi la mwaka 1925, alionyesha kwamba zawadi huja na wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea, na kurudisha. Wajibu wa tatu ndio mzito. Ukinipa soksi leo, nitakuwa na deni lako mpaka nikurudishie, na ukifuma vizuri kuliko mimi deni litaniuma.

Ndiyo maana ninasisitiza duara, na kupinga jozi. Majina yaandikwe kwenye vikaratasi, yakunjwe, kila mmoja achukue kimoja, na ambaye ameshika jina lako asiwe yule ambaye wewe umeshika lake. Ikitokea hivyo, chagueni upya. Katika duara namna hiyo, ninayemfumia hanifumii. Siwezi kupima kazi yangu na ya kwake kwenye mizani moja. Deni langu nalilipa kwa mtu wa mbele, na mtu wa nyuma ananilipa mimi, hivyo shukrani inazunguka bila kumkaba mtu yeyote koo. Ifanyike pia kwa siri mpaka siku yenyewe, maana mtu akijua mapema nani anamfumia ataanza kumwangalia na kumwonea haya.

Na kwa nini wafumaji peke yao? Kwa nini nisimfumie jirani yangu ambaye hajawahi kushika sindano, tena mhitaji kuliko mimi? Mfumie, na Mungu akubariki. Lakini jirani huyo atasema asante, atavaa, na ndani ya moyo wake ataweka soksi zako mahali pamoja na zile za kiwandani ambazo sokoni hupatikana kwa bei ya nauli. Hana kosa; jicho lake halioni. Mfumaji mwenzio akishika soksi hiyo hiyo ataigeuza nje ndani kabla hajaivaa. Atapitisha kidole kwenye kisigino atafute tundu pale pembeni ambapo wengi huliacha. Atahesabu mistari ya mguu wa kushoto na wa kulia. Ataona mahali ulipobadilisha uzi na jinsi ulivyoficha mkia wake. Jozi moja ya soksi za mtu mzima, kwa uzi mwembamba, ina vitanzi vinavyokaribia 20,000, na yeye anajua kila kimoja kimepita kidoleni mwako. Hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kukushukuru kwa kiasi sahihi. Hicho ndicho ambacho mfumaji wa Likasi amekikosa tangu enzi za kambi: kufanyiwa kazi na mtu anayeijua kazi.

Sasa mikono.

Sindano za soksi ni tano, fupi, zenye ncha pande zote mbili, na Likasi hazipatikani kirahisi. Hazina haja ya kupatikana. Spoki ya baiskeli ina unene wa milimita 2, na huo ndio unene unaotakiwa kwa soksi nzuri ya uzi mwembamba. Wafumaji wa Afrika wamelijua hilo kitambo. Mfuate fundi baiskeli, mwombe spoki tano za gurudumu lililokufa. Kata kichwa kilichopinda na kata upande wenye skrubu, ubakize sentimita 18 au 20. Sugua ncha zote kwenye sakafu ya saruji hadi ziwe duara bila makali, kisha pitisha msasa laini. Osha kwa sabuni mara mbili, maana mafuta ya mnyororo yatakaa kwenye uzi mweupe milele. Spoki yenye kutu iache.

Uzi ni habari ndefu. Ule unaouzwa kwa vibunda sokoni, unaopita mpakani Kasumbalesa pamoja na bidhaa nyingine zote, kwa kawaida ni akriliki. Una rangi nzuri na hauliwi na wadudu, lakini haunyonyi jasho: mguu unalowa ndani yake na kisha unapoa. Sufu ya kondoo hunyonya mvuke hadi karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujahisi unyevu, na ndiyo sababu mguu hubaki mkavu. Pa kupata sufu Likasi ni mitumba. Tafuta sweta ya Kizungu iliyochakaa viwiko, ambayo muuzaji ameitupa chini ya rundo kwa kuwa haina mnunuzi. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani na uchome kwa kiberiti: sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika, akriliki huyeyuka na kuwa punje ngumu nyeusi. Mwombe muuzaji ruhusa kwanza, na simama mbali na mali yake.

Kisha itazame mishono ya mbavu. Kama kingo za ndani zimekatwa kwa mkasi na kuzungushwa mshono wa mashine, iache hata kama ni sufu tupu, maana itafumuka vipande vipande vya urefu wa kifua. Sweta inayofaa ni ile ambayo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, na kingo zake ni vitanzi vizima. Hiyo ukiipata mwanzo wake itafumuka uzi mmoja mrefu kama hadithi ya bibi. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, loweka kwenye maji ya vuguvugu, tundika kivulini na uning'inize kitu kizito chini. Ukikauka umenyooka. Jozi moja inataka gramu 100 au pungufu, kwa hiyo sweta moja ya mwanamume inatoa soksi za watu watatu na zaidi. Kwenye kisigino na vidole fuma pamoja na uzi mwembamba wa nailoni, kwa sababu sufu peke yake hulika haraka ndani ya kiatu.

Kipimo kisikutishe, ingawa unamfumia mtu kwa siri. Namba ya kiatu inatosha, na namba ya kiatu mtu huulizwa bila kushtuka. Namba za Kifaransa tunazotumia hupanda theluthi mbili za sentimita kila moja, yaani namba tatu ni sentimita 2. Namba 38 ni mguu wa karibu sentimita 24. Soksi iwe fupi kuliko mguu kwa sentimita moja, na mzunguko wake uwe pungufu kwa sehemu moja ya kumi, ili ikamate bila kubana.

Anza na vitanzi 64, vigawe 16 kwa kila spoki, ya tano iwe ya kufumia. Kwa uzi mwembamba vitazunguka karibu sentimita 20, na mguu wa sentimita 22 utakaa humo kwa raha. Sentimita 4 za mwanzo fuma viwili mbele, viwili nyuma, pindo livutike. Kama unayemfumia ni mtu mzima mwenye kuvimba miguu, au ana kisukari, anza na vitanzi 72 kwa spoki nene zaidi, halafu vipunguze hadi 64 chini ya pindo. Pindo linaloacha alama kwenye ngozi yake linaweza kumdhuru, na hilo mfumaji lazima alijue kabla ya urembo wowote. Shingo ya sentimita 15 inatosha.

Halafu kisigino, ambapo wengi huogopa na kuacha. Hapo soksi inaacha kuwa bomba na kuwa nguo ya mguu. Chukua nusu ya vitanzi, 32, na vingine uviache vingoje. Fuma kwenda na kurudi mistari 32, na kila mstari wa mbele ruka kitanzi kimoja, fuma kimoja, ruka kimoja, fuma kimoja. Kitambaa kitakuwa kinene mara mbili mahali ambapo kiatu husugua. Sasa geuza. Fuma 18, unganisha viwili, fuma kimoja, na hapo hapo geuza kazi ingawa mstari haujaisha. Ruka kimoja, fuma vitano kwa nyuma, unganisha viwili, fuma kimoja, geuza. Utaona pengo dogo kila upande. Kila safari unafika mpaka kwenye pengo, unaunganisha kitanzi cha huku na cha ng'ambo, unafuma kimoja, unageuza. Usifikiri sana, fuata pengo. Vitanzi vya pembeni vinaisha, vinabaki 18, na kazi iliyokuwa bapa imejikunja ikawa kikombe.

Okota vitanzi 16 ubavuni huku na 16 kule, uchukue na vile 32 vilivyongoja: unavyo 82. Kile kitundu cha pembeni nilichokitaja kinazaliwa hapa, kwenye kona, na dawa yake ni kuokota kitanzi kimoja cha ziada kila upande na kukiunganisha na jirani yake katika mzunguko unaofuata. Punguza viwili kila mzunguko wa pili, mara 9, umerudi 64. Fuma mguu mpaka zibaki sentimita 5 kufika mwisho, halafu punguza vinne, kwanza kila mzunguko wa pili, mwishoni kila mzunguko, hadi vibaki 16.

Hivyo 16 usivifunge kwa kuvikaza fundo. Viweke 8 juu na 8 chini, uvishone kwa sindano ya kushonea ukifuata njia ambayo uzi ungepita kama ungefuma, na mshono hautaonekana wala kuguswa. Waingereza wameupa jina la Kitchener, waziri wao wa vita wa 1914, kwa sababu askari anayetembea siku nzima ndani ya buti hawezi kuvumilia uvimbe wa mshono juu ya vidole. Mchimbaji wa Kambove angemwelewa.

Tungali na mambo ya zamani kidogo, na naomba msomaji anivumilie, maana nataka wanaofuma Likasi wajue wamerithi kitu cha bara lao. Soksi maarufu kuliko zote za kale zilifukuliwa Misri, kwenye makaburi ya Oxyrhynchus, mwishoni mwa karne ya 19. Ni za sufu nyekundu, zilitengenezwa kwa sindano moja kati ya mwaka 250 na 420, na kidole gumba kimetengwa na vingine ili zivaliwe na ndara. Leo ziko kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Vipande vya kale vya ufumaji wa sindano mbili, pamba ya buluu na nyeupe, navyo vilitoka Misri hiyo hiyo, zama za Kiislamu. Masista walituletea somo la sindano, ni kweli. Lakini soksi ilishavaliwa na ndara kwenye udongo wa Afrika karne nyingi kabla yao.

Yamebaki mambo ya adabu. Asiyejua kisigino asizuiwe kuingia kwenye duara: apewe mwalimu, na mwalimu asiwe yule atakayepokea soksi zake. Asiwepo wa kuuliza bei ya uzi. Uzi wa sweta ya mitumba na uzi mpya wa dukani viwe na heshima moja mbele ya duara, ama sivyo maskini watajitoa kimya kimya na mtabaki na klabu ya wenye nacho. Soksi ya mashine isiletwe, hata iwe nzuri. Mwenye kushindwa kumaliza alete mguu mmoja na ahadi ya wa pili, na apokewe. Siku ya kubadilishana kila mmoja avae papo hapo mbele ya wengine, wakubwa wakianza. Na mfumaji aliyepokea soksi azivae, asizifungie sandukuni kwa kuzionea huruma. Sufu haipendi kukaa sandukuni: nondo watazila kabla hujazitembelea.

Mimi napendekeza tarehe ambazo tayari ni zetu. Tarehe 8 mwezi wa tatu akina mama wa Kongo hukutana kwa Siku ya Wanawake wakiwa wamevaa vitenge vipya. Hapo hapo vikaratasi vikunjwe na majina yachukuliwe. Tarehe 30 mwezi wa sita, Sikukuu ya Uhuru, baridi ya Likasi inakuwa imekaza hasa, watu hawaendi kazini, na soksi zibadilishwe. Katikati kuna siku 114. Kwa anayefuma nusu saa kila jioni, muda huo unatosha jozi moja na kufumua makosa yake.

Kwa hiyo, mama unayesoma hapa ukiwa Kikula, Panda, Shituru au katikati ya mji, na wewe yaya wa Lubumbashi au Kolwezi mwenye sindano kwenye kikapu: tafuta wafumaji wenzako watano. Watano wanatosha kuanza. Andikeni majina yenu, na jina lako liandike la kwanza.